Je, Haki Yetu ni Nafasi au ni Mavuno?

Ndugu Wanachama,

Mkutano wetu mkuu umekaribia, na jambo litakalozungumzwa kuliko yote twalijua sote. Ni fedha zilizobaki katika mfuko wa Chama baada ya kulipia gari, magunia na ghala. Zigawiwe vipi? Wenzetu wa mashamba madogo wanasema zigawiwe kwa vichwa, kila mwanachama sawa na mwenzake, kwa kuwa Chama ni cha wote. Wenzetu wa mashamba makubwa wanasema zigawiwe kwa kilo, kila mtu kwa kadiri ya karafuu alizoleta, kwa kuwa aliyepanda na kupalilia ndiye mwenye kustahili kuvuna. Maneno yamekuwa makali, na wapo waliokwisha kutamka neno la kutoka katika Chama.

Fedha zenyewe si nyingi. Lakini chini yake mna suali ambalo watu wameshindana nalo tangu zamani: je, mtu ana haki ya kupata kitu, au ana haki ya kupewa nafasi ya kukitafuta tu? Mwenye kusema kwa vichwa anadai matokeo. Mwenye kusema kwa kilo anadai nafasi. Yeye kafunguliwa mlango na mwenzake kafunguliwa mlango, basi kila mmoja ale alichokichuma. Wa kwanza hutukumbusha kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wa pili hutukumbusha kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali zote mbili ni zetu, na hapana hata moja iliyo ya uwongo.

Hatukuona vyema kuanza kwa kuwahukumu wenzetu wa kisiwani, maana hapa Pemba kila mtu analijua shamba la mwenzake, na neno likisemwa huonekana limeelekezwa kwa fulani. Kwa hiyo tutakwenda mbali kidogo, hadi Kawetele, kisha tutarudi na mzigo wetu nyumbani.

Kawetele ni kata iliyomo Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Wajumbe wetu wawili walipita huko walipokwenda kuangalia kilimo cha wenzetu wa Bara. Ni nchi ya milima, jirani na mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba imezunguka nyumba, na watu wa wilaya ile hulima chai, kahawa, na siku hizi maparachichi ya kupelekwa ng'ambo. Si nchi ya mikarafuu, lakini suali letu wamekuwa nalo kabla yetu, tena kwa muda mrefu.

Tuanze na mambo ya kale. Wanyakyusa, ambao ndio wenyeji wa nchi ile, walikuwa na desturi isiyopatikana mahali pengi duniani. Wavulana wa rika moja walipofikia umri wa miaka kumi au zaidi kidogo waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, na baadaye wakaoa na kukaa pamoja kama kijiji cha rika lao. Ukifika wakati wake, ilifanywa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Hapo kizazi cha baba kiliwakabidhi vijana uongozi na ardhi, na wazee wakajisogeza kando. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na watu hao katika miaka ya 1934 hadi 1938, na kitabu chake juu ya vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951.

Tuzingatie maana ya desturi hiyo. Kijana hakuahidiwa migomba minene wala ng'ombe wengi. Aliahidiwa mahali pa kuanzia. Lakini ili yeye apate mahali pa kuanzia, ilikuwa lazima kwanza mtu mwengine akubali kuachia kitu alichokwisha kukipata. Nafasi ya mtoto ilitoka katika mavuno ya baba. Basi anayesema kwamba nafasi ni kitu kimoja na matokeo ni kitu kingine kabisa, ajiulize: nafasi ya mtoto wake imetoka wapi, kama si katika matokeo yake yeye? Na watu walipozidi, na mimea ya kudumu kama kahawa ikaifunga ardhi katika mikono ya aliyeipanda, desturi ile ikashindwa kuendelea. Kijana akabaki na haki ya kulima, lakini hana pa kulima. Wengi wakaenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine hata Afrika ya Kusini.

Sasa tuje kwenye chai, ambayo wakulima wadogo wa Rungwe waliikumbatia khasa baada ya Uhuru wa 1961. Mkulima wa chai huchuma majani mawili pamoja na chipukizi lake. Kilo zaidi ya nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Na majani hayo hayangoji mtu. Yakishindiliwa katika gunia hupata joto na kuwa mekundu, na yasipofika kiwandani siku ile ile hayana thamani. Karafuu zetu si hivyo. Sisi tukichuma, tukachambua makonyo na kuanika siku kadhaa za jua, karafuu kavu hukaa ghalani, na mwenye nayo anaweza kungoja gari hata wiki nzima. Mwenye majani ya chai hawezi kungoja hata usiku mmoja.

Tazameni basi watu wawili wa nchi kama ile. Mmoja shamba lake liko kando ya barabara ya lami itokayo Mbeya kwenda Kyela. Mwengine shamba lake liko ng'ambo ya bonde. Mizani yao ni moja, bei yao ni moja, na hapana karani aliyemkataza yeyote kuuza. Mvua ikinyesha, njia ya bonde hugeuka tope, na gari halipiti. Wa kwanza amepima na kulipwa. Wa pili amebeba majani kichwani, amechelewa, na karani amemwonyesha kwamba yamekwisha kuwa mekundu, naye karani hakusema uwongo. Je, watu hawa wamepewa nafasi sawa? Katika daftari, ndiyo. Katika tope, hapana.

Tena liko jambo la nani ashikaye fedha. Mahali pengi katika kilimo cha chai na cha mazao mengine ya biashara, jina lililoandikwa katika daftari ni la mume, na mikono inayochuma ni ya mke. Nafasi ya kufanya kazi mke anayo, tena kwa wingi. Lakini ukimuuliza malipo yameingia mkononi mwa nani, utapata jibu jengine. Wala tusiwacheke wa Rungwe kwa hili. Na sisi tutazame madaftari yetu, tuhesabu ni wanawake wangapi waokotao na kuanika karafuu wanaoitwa majina yao siku ya malipo.

Ndiyo maana twasema kwamba nafasi isiyotazamwa matokeo yake ni jina tu. Ukitaka kujua kama mlango uko wazi, usiulize kama umefungwa kwa kufuli. Hesabu waliopita. Ikiwa mwaka huu aliyekosa ni huyu, na mwaka ujao ni yule, hiyo ni riziki, na hapana wa kulaumiwa. Lakini ikiwa kila mwaka wanaokosa ni wale wale wa ng'ambo ya bonde, hapo si riziki tena. Hapo pana daraja lililokosekana.

Wenzetu wanaotaka kugawiwa kwa vichwa watafurahi kwa maneno haya. Lakini nao wangoje kidogo, maana mkoa ule ule wa Mbeya una somo la pili.

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ilipanga kwamba mahindi yanunuliwe kwa bei moja katika nchi nzima, ukiwa karibu na Dar es Salaam au ukiwa Mbeya, Rukwa au Ruvuma. Hayo yalikuwa ni matokeo yaliyosawazishwa waziwazi, kwa kuwa gharama ya safari haikumwangukia tena mkulima wa mbali. Na faida ilionekana. Mikoa ya kusini iliyokuwa mbali na soko ililima mahindi mengi kuliko ilivyopata kulima. Lakini gharama ya safari haikufa kwa kuwa mkulima haioni. Ilihamia kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo lilinunua mbali, likasafirisha kwa hasara, likalimbikiza madeni hadi likashindwa kuwalipa watu kwa wakati. Wakati huo huo, mwaka 1976, vyama vya ushirika vya Bara vilifutwa, na havikupata sheria ya kuvirudisha mpaka 1982. Kwa hiyo mkulima alikuwa na ahadi ya bei, lakini hakuwa na chama chake cha kusimama na kuuliza fedha iko wapi.

Somo lake ni hili. Ahadi ya matokeo inayolipwa kutoka mfuko ambao hapana anayeuhesabu, huvunjika siku mfuko unapokauka, na wa mbali ndiye wa kwanza kuumia. Anayedai matokeo na aseme pia ni nani atakayeyalipia, na kwa kiasi gani.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wa visiwa hivi tumekwisha kuonja yote mawili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 watu wakagawiwa eka tatu tatu. Lilikuwa ni jambo la kumpa mtu mahali pa kuanzia, kama ubusoka ule. Lakini eka tatu si eka tatu. Yuko aliyepata mikarafuu iliyokuwa katika nguvu zake, na yuko aliyepata mikarafuu mizee au jiwe tupu. Na mkarafuu mchanga hauzai mpaka upite miaka sita au zaidi. Aliyeanza na miche alingoja, na aliyeanza na miti alichuma. Watoto wa watu hao leo wote ni wanachama wetu, na wote wanaambiwa kwamba walianza sawa.

Tena mkarafuu wenyewe hauna ahadi. Mwaka huu huzaa mpaka matawi yakalemewa, na mwaka ujao ukakupa jamvi moja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba. Je, Wapemba wa siku zile walikuwa wachapakazi zaidi? La. Upepo ulipita kwengine. Hata bei haikuwa mikononi mwetu. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ya dunia ikaporomoka. Mtu aliyepalilia vizuri na mtu aliyelala wakaanguka pamoja. Kwa hiyo tusimwambie aliyepungukiwa kwamba kila alichokosa amekikosa kwa uvivu. Wala tusimwambie aliyepata kwamba kila alichopata amekinyakua.

Na sheria zasemaje? Tangazo la Haki za Binadamu lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948 halikuchagua upande mmoja. Lataja haki ya watu wote kuingia sawa katika kazi za utumishi wa nchi yao, na hiyo ni nafasi. Tena lataja haki ya mtu kuwa na maisha yanayomtosha kwa chakula, nyumba na matibabu, na hayo ni matokeo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 nayo, katika Ibara ya 22, yasema juu ya fursa sawa ya kushika kazi. Na katika Ibara ya 23 yasema juu ya malipo ya haki kwa anayefanya kazi. Lakini liko la kuangalia. Ibara ya 11, inayogusa kazi, elimu na msaada wakati wa uzee na maradhi, imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kudaiwa mahakamani. Yaani haki imeandikwa, lakini mwenye nayo hana pa kuishitakia. Haki ya namna hiyo yahitaji watu wa kuitimiza kwa mikono yao, na vyama kama hiki chetu ni mahali pa kuanzia.

Tunao mfano mwema hapa hapa. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Hakuulizwa alikuwa na shamba au hakuwa nalo, alikuwa karani au mchukuzi. Umri wake ndio haki yake. Mzee wa Kawetele mwenye umri ule ule hakupata kwa umri wake; huko mpango wa kunusuru kaya maskini ulio chini ya TASAF hutazama umaskini wa nyumba, si miaka ya mtu. Shilingi 20,000 hazikumtajirisha mzee wetu, na hapana aliyesema zingemtajirisha. Zilimwekea sakafu. Na tangu zilipoanza hatujaona vijana walioacha kupanda mikarafuu kwa kungojea kutimiza miaka 70.

Basi rai yetu, Ndugu Wanachama, ni hii. Hapana mtu mwenye haki ya mavuno ya mwenzake. Lakini kila mtu ana haki ya mambo matatu, na Chama kisipoyatimiza hakina sababu ya kuwapo. La kwanza ni mizani ya kweli. Kila aliyesoma Juzuu Amma chuoni ameihifadhi Suratul Mutaffifin, naye anajua ubaya wa kupunja ulivyokemewa. La pili ni njia ya kuifikia mizani hiyo, kwa sababu mizani ya kweli iliyo mbali humpunja mtu bila ya karani kugusa jiwe. La tatu ni sakafu, ili anayeanguka kwa msiba asianguke mpaka chini kabisa.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Fedha zilizobaki zisigawiwe kwa vichwa, wala zisigawiwe zote kwa kilo. Kwanza zikatwe za kufungua kituo cha kupokelea karafuu upande wa mashamba yaliyo mbali na barabara, ambako wenzetu hulipia wachukuzi na punda kabla ya kuliona gari la Chama. Kisha zitengwe za mfuko wa msiba, kwa mchumaji aliyeanguka mkarafuu, kwa mjane, na kwa mwanachama ambaye mikarafuu yake imekufa. Zitakazobaki ndizo zigawiwe kwa kilo. Na ili mfuko ule usikauke kama ule wa mahindi, kila mwanachama achangie shilingi 100 kwa kila kilo, na hesabu yake ibandikwe mlangoni mwa ghala kila mwezi. Mwenye magunia 20 ya kilo 50 atatoa shilingi 100,000. Mwenye magunia 2 atatoa 10,000. Kila mmoja anajua ametoa nini, na kila mmoja ana ulimi wa kuuliza.

Wako watakaosema kwamba mfuko huu utawalea wavivu. Tumelifikiria neno hilo. Msaada usitolewe kwa mavuno machache peke yake, maana mkarafuu una mwaka wake. Utolewe kwa msiba uliothibitishwa na wajumbe watatu wa shehia, na mwenye shamba lililoachwa msitu pasi na udhuru asilipwe. Na wako watakaosema kwamba shilingi 100 ni kumnyang'anya mwenye bidii. Nao twawaomba wakumbuke kwamba mchumaji anayepanda juu ya mkarafuu wao mrefu si wao. Akianguka, karafuu zao zimekwisha kushuka salama, na yeye ndiye aliyebaki chini.

Mwisho, twapendekeza kwamba kila mwaka Halmashauri isome mbele ya mkutano orodha ya kila shehia: kilo ngapi zimepokelewa, wangapi wameuza, na wangapi hawakuuza kitu. Majina ya watu yasitajwe. Shabaha yake si kuwasawazisha watu. Ni kuona kama wanaokosa ni wale wale kila mwaka, ili twende tukatazame njia yao ina nini.

Njooni mkutanoni, wenye mashamba makubwa na wenye mashamba madogo, na kina mama ambao majina yao bado hayamo katika daftari nao waje, ili yaingizwe siku hiyo hiyo. Asiyekubaliana nasi na alete rai iliyo bora kuliko hii, nasi tutaiandika katika kurasa hizi kama tulivyoiandika yetu.

Wasalaam,

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri ya Chama